Jirani Yetu wa Juu ya Mto: Mvua, Uongozi na Riziki ya Makueni



Tusomapo habari za miji mikuu ya ng'ambo, hasa ile iliyopakana na Bahari ya Mediterania kama vile Athens, Rome na Tunis, aghalabu mwandishi huzipanga katika milango mitatu: hali ya hewa, serikali na uchumi. Mpango huo ni mwema, kwa kuwa mambo hayo matatu hayatengani. Mbingu hutoa ama huzuia; watawala hugawa kwa haki ama hudhulumu; na watu hula ama hulala njaa kwa kadiri ya hayo mawili ya mwanzo. Wiki hii tumeazimia kuutumia mpango huohuo, lakini si kwa nchi ya mbali. Tutaitazama kaunti ya Makueni, yenye makao makuu mjini Wote, na katika kaunti hiyo tutalichukua soko la Mukuyuni, huko Kaiti, liwe kama dirisha la kuchungulia.

Huenda msomaji aliyeko Mombasa, Malindi ama Lamu akauliza: Ukambani kwatuhusu nini sisi watu wa bahari? Jawabu limo ndani ya mtungi wake. Maji ya chemchemi za Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, asili yake ni mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu. Vilima hivyo vimepakana na Makueni, Kajiado na Taita Taveta. Jiwe lake ni la volkano, lenye vitundu vitundu, wala hapana mto upitao juu yake. Mvua huzama ardhini na kutokea mbali, safi na baridi, pale Mzima. Na mto Athi, unaopita mpakani mwa Makueni na Kitui, ndio huo ambao ukishaungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Maji yanayochotwa Baricho na kupelekwa Malindi, Kilifi na hata sehemu za Mombasa hutoka katika visima vilivyochimbwa kando ya mto huo. Basi yeyote anywaye maji Pwani ana jirani aliyeko juu ya mto, amjue asimjue. Na haki ya jirani huanza kwa kumjua.

Nchi ya mkuyu

Jina Mukuyuni halihitaji mkalimani kwa Mswahili. Mukuyu wa Kikamba ndio mkuyu wetu, na Mukuyuni ni pale penye mkuyu. Wazee wa Ukambani waliuheshimu mti huo, na aghalabu mkuyu huota palipo na maji karibu. Kwa hiyo jina lenyewe latuambia jambo kuhusu nchi: watu walikaa palipokuwa na dalili ya maji.

Eneo la Kaiti limekaa baina ya milima miwili mashuhuri, Kilungu upande mmoja na Mbooni upande wa pili. Juu milimani kuna ubaridi na mvua ya kutosha. Pakulimwa mahindi, maharagwe, kahawa na mboga. Ushukapo kuelekea Wote, na kisha Kathonzweni na Kibwezi, joto huzidi, miti huwa mifupi yenye miiba, na udongo huwa mwekundu. Kaunti nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 8,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na wakaazi 987,653. Wengi wao ni wakulima wadogo, wenye vipande vya ardhi ambavyo baba amewagawia wanawe, na wanawe wakawagawia wajukuu.

Mvua mbili, na moja ndiyo tegemeo

Sisi wa Pwani twajua misimu kwa pepo: kusi, kaskazi na matlai. Twajua kuwa masika, ya Aprili hadi Juni, ndiyo mvua yetu kubwa, na vuli ni ndogo. Ukambani mambo yamegeuka. Mvua ya Machi hadi Mei huko ni ya kubahatisha. Mvua inayotegemewa na mkulima ni ile ya Oktoba hadi Disemba, ambayo kwetu ni vuli. Mkulima wa Mukuyuni akikosa mvua ya Novemba, amekosa chakula cha mwaka.

Kiasi cha mvua hutofautiana mno. Katika milima ya Mbooni na Kilungu hunyesha milimita 800 hadi 900 kwa mwaka. Katika nyanda za chini za kusini ni milimita 300 hadi 400, na miaka mingine hata hizo hazifiki. Hapa ndipo mfano wa Tunis unapotufaa. Mji ule, mashuhuri kwa msikiti wa Zaytuna na mashamba ya mizeituni, hupata mvua ya milimita 450 hivi kwa mwaka, si mbali sana na ile ya sehemu nyingi za Makueni. Lakini mvua ya Tunis huteremka wakati wa baridi, jua likiwa dhaifu, na ardhi huinywa polepole. Mvua ya Makueni huteremka wakati wa joto, kwa kishindo, siku chache tu, kisha jua kali huja kuirudisha juu hewani. Kipimo ni kile kile au karibu yake. Baraka inayobaki shambani si moja. Ndiyo maana haifai kuihukumu nchi kwa kuangalia kiasi cha mvua peke yake. Yafaa kuuliza: mvua ilinyesha lini, ilinyesha vipi, na ilikaa wapi?

Na watu wa Tunis nao hawakuketi kusubiri mbingu. Zama za Warumi, katika karne ya 2, ulijengwa mfereji wa zaidi ya kilomita 100 kuleta maji kutoka mlima Zaghouan hadi Carthage, na magofu yake yasimama hadi leo. Miji yote ya nchi kavu iliyodumu ilidumu kwa kuhifadhi maji.

Yapo pia mambo yatokayo katika bahari yetu wenyewe. Maji ya Bahari ya Hindi upande huu wa Afrika yakipata joto kupita kawaida, vuli huwa ya mafuriko, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Yakipoa, na joto likahamia upande wa mashariki wa bahari, mvua hukatika. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na nchi za Ukambani zikapata fungu lake la dhiki. Bahari tuivuayo samaki ndiyo inayompelekea jirani yetu mawingu, au inayomnyima.

Njaa zenye majina

Wakamba huzipa njaa majina, kama sisi tulivyozoea kuyapa majina mambo makubwa yaliyotupata. Ile ya mwisho wa karne ya 19, ya 1897 hadi 1899, huitwa Ngomanisye, nayo iliwaua watu wengi pamoja na maradhi yaliyofuatana nayo. Ile ya mwaka 1984 huitwa Nikw'a ngwete, yaani ninakufa nami nimeshika mkononi. Maana yake ni kwamba mtu alikuwa na fedha, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Hebu tulitafakari jina hilo. Linatufundisha uchumi kuliko vitabu vingi: fedha si riziki mpaka pawepo mtu aliyelima, aliyehifadhi na aliyeleta sokoni. Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipopewa hazina za Misri, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka akiba ya nafaka katika miaka ya neema kabla ya miaka ya ukame. Serikali, hali ya hewa na uchumi vilikutana ghalani.

Dhiki nyingine ililetwa na utawala. Mkoloni aliwabana Wakamba katika sehemu walizotengewa, akayachukua malisho mazuri, kisha akalalamika kwamba ng'ombe wao ni wengi na udongo unamomonyoka. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya mifugo kwa nguvu, wakati ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa mjini Athi River. Watu waliondoka, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kudai haki yao kwa gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali hatimaye ililegeza amri ile, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Watoto wetu wa Lamu na wajue kuwa kisiwa chao kiliwahi kumhifadhi mtu aliyefungwa kwa ajili ya kutetea riziki ya watu wake.

Juu ya udongo, mkoloni hakusema uongo: ulikuwa ukichukuliwa kweli. Alilokosea ni kudhani kuwa watu wa pale ndio ugonjwa. Baada ya miaka, watu haohao walichimba makinga ya maji katika miteremko yao, kilima baada ya kilima. Kinga hizo zinajulikana duniani kote kwa jina la Kiswahili, fanya juu: mtu huchimba mtaro kufuata usawa wa kilima, na udongo huutupa upande wa juu, ukawa tuta linalozuia maji na udongo visishuke. Kazi ilifanywa kwa mwethya, nao ni ushirika wa kusaidiana. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na sehemu kubwa ya nguvu kazi ni akina mama. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake. Walionyesha kuwa tangu miaka ya 1930 hadi karibu na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua. Kumbe wingi wa watu si balaa pale ambapo mtu ana hakika kuwa shamba ni lake na jasho lake halitapotea.

Serikali, amana na mashauriano

Makueni ilitengwa na Machakos ikawa wilaya mwaka 1992. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya kuwa moja ya kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 ikapata serikali yake. Kaunti ina bunge lake, gavana wake na wadi 30 katika maeneo sita ya uwakilishi: Mbooni, Kilome, Kaiti, Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki. Katiba imeamuru kuwa kaunti zote kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hizo ni fedha za watu, na mwenye kuzishika ameshika amana.

Mwanzo wake haukuwa wa heri. Gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyewahi kuwa waziri wa mazingira, aligombana na bunge la kaunti kwa sababu ya bajeti: nani atumie nini, na kiasi gani kiende katika maendeleo ama katika matumizi ya wakubwa. Mnamo Septemba 2014 ugomvi ulifika mpaka wa risasi kufyatuliwa katika viwanja vya bunge hilo mjini Wote, na watu wakajeruhiwa. Wananchi waliochoka wakatia saini ombi la kutaka kaunti yote ivunjwe, gavana na wawakilishi warudi kwa wapigakura. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilisikiliza mashahidi na kuunga mkono ombi hilo, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja.

Tunalolizingatia ni lile lililofuata. Kaunti iliyokaribia kuvunjika ndiyo iliyokuja kusifiwa kwa kuwashauri watu wake. Mikutano ya maendeleo ilipangwa kwa ngazi sita: kijiji, mkusanyiko wa vijiji, wadi ndogo, wadi, eneo dogo la kaunti, kisha kaunti yenyewe. Katika kila ngazi watu hujadili wanachokihitaji kwanza, iwe ni barabara, kisima ama zahanati, na huchagua wajumbe wa kwenda ngazi ya juu. Mradi ukianza, kamati ya wananchi huchaguliwa kuusimamia, ili mwanakandarasi asilipwe kwa kazi ambayo watu wa mahali pale hawajairidhia. Mama muuza mboga wa Mukuyuni akiwa mjumbe wa kamati, ataulizia mifuko ya saruji, maana anajua ilipoingia na ilipotoka.

Jambo hili si geni kwetu; ni shura, na wazee wetu wa mitaa waliijua kabla ya katiba zote hizi. Ila shura ina gharama yake. Mikutano huchukua muda, watu wenye sauti kubwa huweza kuwafunika wanyonge, na orodha ya mahitaji daima huwa ndefu kuliko mfuko. Makueni haikuepukana na kasoro hizo. Lakini hasara ya kushauriana ni ndogo kuliko hasara ya kutoshauriana, na mwaka 2014 uliwaonyesha watu wa Makueni hasara hiyo ya pili kwa macho yao.

Matunda mengine ya wakati ule yalikuwa katika afya. Mwaka 2016 kaunti ilianzisha mpango wa matibabu ambao kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na familia ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila ya kudaiwa tena. Hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200 ikajengwa Wote. Kwa mkulima, ugonjwa wa mtoto mmoja huweza kuuza mbuzi wote wa nyumba. Kwa hiyo mpango wa matibabu ni mpango wa uchumi pia. Mwaka 2022 Mutula Kilonzo Junior alichaguliwa kuwa gavana wa pili, na watu wa Makueni wana haki ya kumpima kwa mizani ileile.

Riziki: mbaazi, embe na mchanga

Sasa tuje sokoni. Familia nyingi za Pwani huanza siku kwa mahamri na mbaazi za nazi. Nazi ni yetu. Mbaazi, mara nyingi, ni za Ukambani. Makueni, Machakos na Kitui ndizo kaunti zinazotoa kwa wingi mbaazi za Kenya. Mmea huu una mizizi mirefu inayofuata unyevu chini sana. Hupandwa pamoja na mahindi, mahindi yakavunwa ama yakakauka, nao ukabaki umesimama. Vivyo hivyo ndengu, ambazo sisi twaziita pojo ama chooko, hukomaa upesi na kuwahi mvua kabla haijakatika. Katika kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, yalizalishwa mahindi yenye kukomaa mapema kwa ajili ya nchi hizi, na mkulima wa kule huyaita Katumani hadi leo. Hizo zote ni njia za kuishi na mbingu kama ilivyo, pasina kuitamani mbingu ya wengine.

Kisha embe. Mti huu ulipanda bara kutoka pwani, na ngowe, embe la kwetu, hupatikana katika mashamba ya Makueni kando ya embe aina ya apple na aina za kigeni. Tatizo la embe ni kwamba huiva yote kwa pamoja. Kuanzia Novemba hadi Machi soko hujaa, wachuuzi wenye malori huja na bei yao, na mkulima ambaye embe lake litaoza baada ya siku chache hana ubavu wa kukataa. Ndiyo sababu kaunti ilijenga kiwanda cha matunda huko Kalamba, cha kusaga maembe yawe rojo la kutengenezea vinywaji. Kiwanda kimoja hakiwezi kumeza maembe yote ya kaunti, lakini hata mnunuzi mmoja zaidi humpa mkulima nafasi ya kusema hapana.

Adui mwingine ni nzi wa matunda, mgeni aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, ambaye hutaga mayai ndani ya embe. Kwa sababu yake Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014. Wakulima wa Makueni walifundishwa kutega mitego, kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia, na kusafisha mashamba kwa pamoja, kwani mmoja asiyesafisha huwarudisha nyuma majirani kumi. Mwaka 2021 maembe ya Makueni yakaanza tena kwenda Ulaya. Waona, msomaji, jinsi biashara ya ng'ambo inavyotegemea ujirani mwema wa kijijini.

Riziki ya tatu ni mchanga, na hii ina maumivu. Nairobi inajengwa usiku na mchana, na malori huja katika mito mikavu ya Makueni kuuchota. Kijana asiye na kazi hupata ujira wa siku. Lakini mchanga wa mto si takataka, ni birika. Mvua ikinyesha, maji huingia baina ya punje za mchanga na kukaa humo, yamefunikwa na jua, zaidi ya robo ya ujazo wake. Miezi mto uonekanapo mkavu, akina mama huchimba kwa mikono na kupata maji. Wakamba wamelifanya jambo hilo kuwa elimu: hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakabaki ndani ya mchanga huo mwaka mzima. Ukiuchota mchanga wote, umekwenda na maji pamoja nao. Watu wamegombana kwa ajili hiyo na roho zimepotea. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti uchotaji wake. Sheria ipo, kinachobakia ni mwenye kuisimamia wakati malori yajapo usiku.

Mto ni mmoja

Mto Kaiti huteremka kutoka upande wa Kilungu, na maji yake huishia mto Thwake, nao Thwake huingia Athi. Pale Thwake na Athi zinapokutana ndipo linapojengwa bwawa kubwa la Thwake, lililozinduliwa mwaka 2018 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji, ili Makueni, Kitui na mji mpya wa Konza vinufaike. Ni matumaini makubwa. Ila mto Athi hupokea maji machafu ya Nairobi na viwanda vyake kabla ya kufika hapo. Mji mkuu hujenga kwa mchanga wa Makueni, na humrudishia Makueni majitaka yake. Bwawa lisilofuatwa na usafi wa Nairobi litakuwa limehifadhi uchafu pamoja na maji.

Na hapa ndipo tunaporudi nyumbani kwetu. Mvua kubwa ikinyesha Ukambani, baada ya siku chache bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Ule ni udongo wa mashamba. Ni mbaazi na mahindi ambayo hayataota. Kwa miaka mingi udongo huo umekuwa ukisogeza ufuo wa Malindi kuelekea baharini na kuyafunika matumbawe ambayo samaki huzalia. Mvuvi wa Malindi na mkulima wa Mukuyuni wanapata hasara moja kwa wakati mmoja, wala hawajuani. Tuta moja la fanya juu huko Kaiti ni hifadhi ya shamba la yule na ya nyavu za huyu.

Tufanye nini majumbani mwetu?

Tumependa makala haya yasiishie katika kusifu wala kulaumu. Yapo mambo matatu ambayo familia ya Pwani yaweza kuyatenda.

La kwanza ni kuhifadhi mvua ya paa. Hesabu yake ni nyepesi, na watoto waliofika darasa la tano waweza kuifanya: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 600. Zitaanguka lita 28,800. Tukitoa robo kwa kupotea, zimebaki lita 21,600. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hupata maji ya siku 180, yaani nusu ya mwaka. Hiyo ni mvua ya nchi kame. Kwetu Mombasa mvua hufikia milimita 1,000. Wazee wetu walijenga mabirika misikitini na visima majumbani, sisi tukayaacha tukategemea mfereji. Nyumba nyingi za Ukambani leo zina tangi kando ya paa. Si aibu kujifunza kwa jirani jambo ambalo babu zetu walilijua.

La pili ni kuhudhuria mikutano ya bajeti. Katiba ileile iliyowapa watu wa Makueni haki ya kushirikishwa imetupa na sisi. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zote zawajibika kuwaita wananchi na kuwasikiliza. Mara ngapi tangazo limetolewa, ukumbi ukawa na viti vitupu, kisha tukalalamika barazani kwamba hatukuulizwa? Baba na aende. Mama na aende, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye bei ya mtungi wa maji. Na kijana aliyesoma awasaidie wazee kuzisoma karatasi zile za hesabu.

La tatu ni kuuliza kuhusu mto. Kaunti za juu na za chini zaweza kukaa pamoja na kuafikiana juu ya Athi, Galana na Sabaki: uchafu wa Nairobi, mchanga wa Makueni, udongo wa Malindi. Wawakilishi wetu tuwaulize, na tuwaulize tena, kama wamewahi kukaa na wenzao wa Ukambani juu ya jambo hili. Haiwezekani watu kunywa katika kikombe kimoja kisha kila mmoja akajidai kuwa hana habari ya mwenziwe.

Makueni si nchi tajiri, wala hatukusudii kuipamba. Ukame utarudi, maembe yataoza miaka mingine, na viongozi watagombana tena. Lakini watu wa nchi ile wametuonyesha kuwa mvua chache iliyozuiliwa yafaa kuliko nyingi iliyoachwa ipite, na fedha chache zilizosimamiwa na wenyewe zafaa kuliko nyingi zilizofichwa. Sisi tumejaaliwa mvua zaidi yao, bahari, bandari na utalii. Kazi iliyobaki ni yetu.

Mola atuteremshie sisi na majirani zetu wa juu ya mto mvua ya kheri, isiyo ya gharika wala ya ukame, na atujaalie viongozi wenye kuchunga amana. Wabillahi tawfiq.